Kuambiwa na Kuulizwa: Ardhi ya Lugoba, Kutoka Mahame Hadi Ramani

Ukitembea porini pande za Lugoba ukakuta mwembe mkubwa umesimama peke yake, ujue hapo paliishi mtu. Kokwa la embe halirushwi na upepo. Mtu alikula embe pale, au alichimba kishimo akapanda. Zunguka shina lake taratibu, huenda ukaokota kigae cha chungu, ukajikwaa kwenye jiwe la kusagia, au ukaona tuta la kaburi lililozama kwenye majani. Mahali kama hapo pana jina lake: mahame. Walipakalia watu, kisha wakahama.

Lugoba yenyewe iko kando ya barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera, ambako njia hugawanyika, mmoja akashika ya Tanga na mwingine ya Moshi na Arusha. Ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, Mkoa wa Pwani. Kabla ya halmashauri hiyo kuanza mwaka 2015, mambo yake yote yalikwenda Bagamoyo. Ukisimama barabarani utayaona malori ya kokoto yakishuka kuelekea Dar es Salaam, maduka ya vifaa vya ujenzi, wanafunzi wa sekondari, bodaboda kijiweni, na nyumba mpya za matofali zinazosogea mwaka hadi mwaka kuelekea mashambani. Ukiingia porini utakutana na miembe.

Historia iliyo kati ya barabara na miembe hiyo ina maneno mawili ambayo kila mtu wa kijijini anayajua bila kufundishwa: kuambiwa na kuulizwa. Mkutano wa kuambiwa na mkutano wa kuulizwa hufanana kwa macho. Yote miwili ina meza, viti vya wageni, mwenyekiti na karatasi ya mahudhurio. Tofauti ni kwamba katika mmoja uamuzi umekuja na gari la wageni, na katika mwingine uamuzi unazaliwa palepale, mbele ya waliokaa chini ya mti. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ardhi ya Lugoba imepangwa mara nyingi. Ni mara chache sana wenyewe waliulizwa.

Miji ya ukoo

Huku ni Ukwere. Wakwere ni jirani na ndugu wa Wazaramo, Wadoe, Wazigua na Waluguru, na kama ndugu zao hao, wamezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Zamani hapakuwa na kijiji kama tunavyokifahamu leo. Palikuwa na miji midogo iliyotawanyika, nyumba nne au tano za watu wa ukoo mmoja, kila mji na mashamba yake ya mtama, mahindi, mihogo na kunde. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mkubwa wa mahali, akaeleza shida yake, akaonyeshwa pa kufyeka. Shamba lilipochoka liliachwa lipumzike, na msitu ukarudi. Mpaka ulikuwa kijito, kichuguu, au mti ambao wazee wa pande zote mbili waliujua kwa jina.

Haya nayo yalikuwa mipango ya matumizi ya ardhi, ingawa hayakuwa na ramani. Palijulikana pa kulima, pa kuwinda, pa kukata miti ya kujengea, pa kuzikia na pa kutambikia. Kumbukumbu ilikaa vichwani mwa wazee, na kila ugomvi wa mpaka uliwalazimisha kuifungua mbele ya watu.

Mpango wa aina nyingine ulianzia pwani. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo, na karibu nayo kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Huko kila familia ilipewa mahali pa kujenga na shamba la kulima, chini ya usimamizi wa misheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 misheni ikafika Mandera, na baadaye Lugoba nayo ikapata kanisa na shule. Kijiji kilichokusanyika kuzunguka kengele na darasa kilikuwa kitu kipya Ukwere. Watoto walifuata shule, wazazi wakafuata watoto, na Lugoba ikaanza kuwa mahali pa kwendea. Jakaya Kikwete, aliyezaliwa Msoga mwaka 1950, alisoma shule ya kati Lugoba kuanzia 1962 hadi 1965, miaka 40 kabla ya kuwa Rais wa nchi.

Wakati misheni ikienea, mambo makubwa zaidi yalikuwa yakiandikwa mbali na Ukwere. Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi ya koloni ni mali ya dola, isipokuwa ile ambayo mtu au jamii ingeweza kuthibitisha kuwa ni yake. Kwa mzee ambaye hati yake ilikuwa mwembe na kaburi la mama yake, uthibitisho huo ulitakiwa kwa lugha na karatasi asizozijua. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na mwaka 1928 wakairekebisha ili haki za kimila zitambuliwe. Kwa macho Lugoba haikubadilika. Watu waliendelea kulima palepale, ila sasa, bila mkutano wowote, walikuwa wapangaji katika nchi yao. Akida na jumbe walikuja kudai kodi; hawakuja kuuliza lolote.

Kutoka ombi hadi amri

Uhuru ulipokaribia, suala la ardhi lilikuwa moyoni mwa chama cha TANU. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kilichoitwa *Mali ya Taifa*, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, kwa hofu kwamba mwenye fedha angenunua na maskini angebaki kibarua katika nchi yake. Desemba 1962, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, aliwahimiza wananchi waishi pamoja vijijini. Hoja yake ilikuwa na uzito, na inafaa isikilizwe hata leo. Miji ya ukoo ilitawanyika mno. Serikali changa isingeweza kupeleka bomba, mwalimu, mganga na trekta kwa kila nyumba nne zilizojificha porini.

Jaribio la kwanza lilikuwa la gharama kubwa. Serikali ilianzisha vijiji vya makazi mapya kwa mashine na wataalamu, kimojawapo kikiwa Kerege, humuhumu Bagamoyo. Mashine zililetwa kabla watu hawajazihitaji, madeni yakapanda, na Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba makazi ya namna hiyo hayataanzishwa tena. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Septemba mwaka huohuo likafuata andiko la Nyerere kuhusu ujamaa vijijini. Humo alisema waziwazi kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Kijiji cha ujamaa kingezaliwa kwa hiari, na wanakijiji wenyewe wangepanga kazi yao.

Miaka sita baadaye hiari ilikwisha. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya Watanzania walihama katika muda wa miaka mitatu, na Ukwere haikuachwa.

Wakati amri hiyo inatoka, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilikuwa zimekwisha kuvunjwa mwaka 1972, madaraka yalipopelekwa kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Kwa hiyo hapakuwa na baraza la wilaya ambamo diwani angeweza kusimama aseme: mahali mlipotuchagulia pana maji ya chumvi, au udongo wake haushiki mahindi. Ofisa aliyetumwa alipimwa kwa idadi ya watu aliowahamisha. Hakupimwa kwa mavuno yao.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuuchora. Serikali ilipendelea vijiji vikae kando ya barabara, ambako gari lingefika. Viwanja vilipimwa kwa hatua au kwa kamba, nyumba zikapangwa kwa safu, kila nyumba kumi na balozi wake. Kaya iliandikwa kwa mkuu wa kaya, aghalabu mwanamume, na hivyo ardhi ambayo ilikuwa ikifuata ukoo wa mama iliingia kitabuni kwa jina la baba. Wenye mji porini walitakiwa kubeba milango, vyungu, kuku na watoto waende kwenye safu. Mwembe haubebeki. Kaburi halibebeki. Ndivyo mahame yalivyoongezeka.

Shamba la zamani nalo likawa mbali. Mkulima aliyekuwa akiamka na kuliona shamba lake mlangoni sasa alitembea saa nzima kulifikia, na alipoondoka jioni aliwaachia nguruwe na ngedere. Ukame wa miaka hiyo uliikuta nchi ikiwa katikati ya kuhama, na mwaka 1974 na 1975 Tanzania ilinunua chakula kingi nje. Mwaka 1975 ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, iliyokipa kijiji usajili, mkutano mkuu na halmashauri yake, kwa sharti kwamba kiwe na kaya zisizopungua 250. Kilichoanza kwa amri kilipata mwili wa kisheria.

Nyerere hakukosea kuhusu shule, zahanati na kisima, na watoto wengi waliosoma enzi hizo ni ushahidi. Kosa lilikuwa pengine. Mtu anayejua mahali maji yanapotuama masika hakuulizwa, na ujuzi huo haukuwamo katika kitabu chochote cha wilaya. Mpango uliojengwa bila ujuzi huo ulilipwa na wakulima kwa miguu yao, kila siku, asubuhi na jioni.

Kurudi, na sheria mpya

Miaka ya 1980 watu walianza kurudi kimyakimya. Hakuna aliyetangaza. Mtu alianza kwa kujenga kibanda cha kulindia shamba kwenye mahame ya wazazi wake, kibanda kikapata jiko, jiko likapata kitanda. Wengine walibaki barabarani, kwa sababu huko kulikuwa na shule, basi na biashara. Ardhi moja sasa ilikuwa na watu wawili wenye haki: aliyekuwapo kabla ya Operesheni, na aliyegawiwa na kijiji wakati wa Operesheni. Ugomvi huo ulifika mahakamani, hasa kaskazini mwa nchi. Serikali ilijaribu kuumaliza kwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Haikuwa hisani ya serikali. Mwembe ulikuwa umesikilizwa mahakamani.

Kabla ya hukumu hiyo jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutokea, nalo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliteua Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima, ikafanya mikutano ya hadhara 277 iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Watu walisimama wakaeleza walivyohamishwa, walivyodhulumiwa, nani aliuza nini kwa nani. Tangu Wajerumani waandike amri yao ya 1895, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mwananchi wa kawaida kuulizwa kuhusu ardhi kwa upana kiasi hicho, na maneno yake yakaandikwa.

Tume ilipendekeza, miongoni mwa mengine, kwamba ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji chenyewe. Serikali haikukubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilibakiza ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hata hivyo sauti za mikutano ile hazikupotea zote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, ikiwajibika kwa mkutano mkuu. Iliipa haki ya kimila uzito sawa na hati ya mjini. Ilisema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu ni lazima wawe wanawake. Na kuhusu jeraha la Operesheni, sheria ilifunga mjadala kwa kuthibitisha migawo ya ardhi iliyofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Aliyegawiwa alibaki na haki yake. Mwembe wa mwenzake ukawa kumbukumbu tu.

Mji unapokuja wenyewe

Zamani ofisa alikuja Lugoba kuhamisha watu. Leo mji ndio unaokuja, na haupigi hodi. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2012 iliwahesabu milioni 4.36, na ile ya 2022 ikawahesabu milioni 5.38. Mji wa ukubwa huo unakula. Unakula kokoto, na miamba ya Lugoba inavunjwa ili ukapate zege la maghorofa na barabara. Unakula mkaa, na pori la Ukwere linapungua kwa magunia. Unakula viwanja, kwa kuwa mfanyakazi wa mjini akipata akiba kidogo hutafuta ekari zake pembeni mwa lami. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ilipowekwa lami, njia ya pili ya kutoka pwani ilifunguka jirani kabisa na Lugoba, na bei ya ardhi ikajua mara moja.

Kila kimoja kati ya hivi kina faida yake. Machimbo yameleta vibarua, mama lishe na mafundi. Mnunuzi wa shamba ameleta fedha ya karo na ya bati. Lakini kila kimoja huamuliwa pake. Leseni ya kuchimba mawe hutolewa chini ya Sheria ya Madini, na mkutano wa kijiji hauitoi. Shamba huuzwa na mwenye shamba, na halmashauri ya kijiji hupelekewa muhtasari wa kupitisha. Mkaa hauombi ruhusa ya mtu. Ukijumlisha maamuzi mia ya namna hiyo unapata kijiji ambacho hakuna mtu aliyekusudia kiwe hivyo: vumbi la kokoto karibu na madarasa, nyumba kwenye njia ya maji, na vijana waliooa ambao hawana pa kulima kwa sababu baba aliuza.

Kuna pia ng'ombe. Waparakuyo, wafugaji wa jamii ya Wamaasai ambao wenyeji wengi wamezoea kuwaita Wakwavi, wameishi pande hizi kwa vizazi. Katika miaka ya Operesheni nao walitakiwa kuwa na kijiji, kikawepo Mindu Tulieni. Jina hilo lina neno la Kiswahili la kuamrisha wengi, *tulieni*, nalo huwakumbusha wafugaji amri ile kila wanapolitamka. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikaa nao na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1985. Alionyesha kwamba ufugaji wa kuhama ni ujuzi, wenye hesabu yake ya mvua, nyasi na maji. Mfugaji anayehamisha mifugo wakati wa kiangazi anapanga ardhi kama mkulima anayepumzisha shamba. Shida ni kwamba mpango wake huvuka mipaka ya vijiji, na sheria inapanga kijiji kimojakimoja. Ng'ombe akitafuta maji huvuka shamba la mahindi, na jambo ambalo lingemalizwa kwa mazungumzo huishia kwa fimbo, polisi na chuki ya miaka.

Vijiji vya ukanda huu vimekwisha kuonja pia utamu na uchungu wa kutenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori. Vijiji 24 vya Bagamoyo na wilaya za jirani vilichangia maeneo yao kuunda hifadhi ya jamii ya Wami-Mbiki, kwa matumaini kwamba wanyama wangerudi na mapato yangebaki kijijini. Fedha za wafadhili zilipokauka, ulinzi ukalegea, mifugo na wachoma mkaa wakaingia. Baadaye eneo hilo likafanywa pori la akiba chini ya serikali. Wanakijiji waliulizwa mwanzoni, wakakubali. Kuulizwa mara moja hakukutosha, kwa kuwa hapakuwa na nguvu ya kuendelea kulinda walichokubaliana.

Namna ya kupanga upya

Tangu mwaka 1984 nchi ina Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, iliifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga ardhi yake. Mwongozo wa Tume una hatua sita. Wilaya hujiandaa na kuunda timu yake ya wataalamu: wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maendeleo ya jamii. Timu hukaa kijijini na wananchi kuchunguza hali halisi. Matumizi yaliyopo hupimwa na kuchorwa. Kisha hupangwa matumizi yajayo: makazi, mashamba, malisho na njia za mifugo, misitu, vyanzo vya maji, huduma za jamii, na ardhi ya akiba kwa watakaozaliwa. Ndipo hufuata utoaji wa hati za hakimiliki ya kimila, na mwisho usimamizi wa siku zote, kwa sheria ndogo zilizopitishwa na kijiji. Mpango hauwi mpango mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, uukubali.

Kwenye karatasi, hii ni kinyume kabisa cha Operesheni. Je, kwa vitendo? Jibu liko katika mambo madogo ambayo ripoti huyaruka.

La kwanza ni kuupitia mpaka kwa miguu. Wazee wa vijiji viwili vinavyopakana hutembea pamoja na mpima, na hapo ndipo ujuzi uliopuuzwa miaka 50 iliyopita hurudi kazini. Mzee husimama akasema kijito hiki kilihama baada ya mvua kubwa, mpaka wetu ni ule mkondo wa zamani. Mwenzake wa ng'ambo hukubali au hukataa, na kukataa kwake kunasikika siku hiyohiyo, kabla ya jiwe la mpaka kusimikwa. Timu inayofanya kazi kwa picha za setilaiti ofisini huokoa siku tatu na hununua kesi ya miaka kumi.

La pili ni saa ya mkutano. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi wakati wa palizi, wanawake walioko shambani wataamuliwa. Ukiitishwa siku ya mnada, wafugaji hawatafika. Kijiji kinachotaka kusikia kila mtu hukutana kwanza kwa vitongoji, kwa makundi, wanawake peke yao, vijana peke yao, wafugaji kwa lugha yao, ndipo mkutano mkuu ukaitishwa. Mama anajua ni kisima gani hukauka Septemba. Kijana anajua ni wapi atajenga akioa. Wasipofika, mpango utakosa maji na utakosa kesho.

La tatu ni kuvuka mpaka pale ambapo maisha yanavuka. Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kupanga malisho yao kwa pamoja, vikaliita eneo hilo OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao, na wafugaji wakapata hati ya kimila ya pamoja. Shamba la mkulima likajulikana, na njia ya ng'ombe ikajulikana. Lugoba na jirani zake, ambako mkulima na mfugaji wanashiriki bonde moja, wana sababu zote za kuutazama mfano huo.

La nne, na zito kuliko yote, ni kile kinachofuata baada ya wataalamu kuondoka. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Mpango unaishi humo. Kila shamba linalouzwa, kila machimbo yanayosogea, kila kiwanja cha huduma kinachoombwa na mtu binafsi, kingepaswa kusomwa pale kwa sauti, mbele ya ramani iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Mikutano isipofanyika, muhtasari utaandikwa mezani na watu watatu, na ramani itakuwa pambo. Wami-Mbiki ilifundisha hivyo kwa bei kubwa.

Kijiji kinachokua hakina budi kubadilika. Lugoba ya leo haiwezi kurudi kwenye miji ya ukoo, wala haipaswi kutamani. Watoto wanataka shule, wagonjwa wanataka kituo cha afya, kokoto ina soko, na bomba la maji ya Mto Wami limewapunguzia kina mama wa ukanda wa Chalinze safari ndefu za malamboni. Lakini kila kizazi cha Lugoba kimejengewa na mtu mwingine mahali pa kukaa: misheni, serikali ya kikoloni, Operesheni, na sasa soko la ardhi. Kizazi hiki ndicho cha kwanza chenye sheria inayokiruhusu kijipangie chenyewe. Asiyeitumia ataikuta imetumika bila yeye.

Siku mpima atakapofika na mashine yake, nina ombi moja kwa wazee wa Lugoba. Anzieni naye kwenye miembe. Mwonyesheni mahame yote, hata yale ambayo sheria imeyafunga, mseme hapa alikaa fulani, pale palikuwa na kisima, na huku maji hupita masika. Haki za zamani huenda zisirudi, lakini ujuzi wa walioishi pale utaingia kwenye ramani, na mtoto atakayejengewa nyumba mwaka 2050 hatajengewa kwenye mkondo wa maji.